Kikao Juu ya Kizazi Changu

Nimepona. Nalitanguliza hilo ili wewe unayesoma ukiwa kwenye benchi la kliniki, mkoba mapajani na leso ya akiba ndani ya mkoba, usisome kwa hofu. Nimepona, natembea, nimerudi kazini, nakula nikashiba. Ila nina hasira, na sikuandika haya ili niifiche. Kanisani kwetu wameniomba niandike ushuhuda wa shukrani. Shukrani ninazo, nitazitaja zikifika mahali pake. Hasira ndiyo iliyotangulia kufika.

Naitwa Kadzo. Nakaa Chaani, upande wa Changamwe, kwenye ploti ya vyumba sita, pamoja na mume wangu Chengo na binti zetu wawili, Neema na Upendo. Mimi ni kibarua wa godauni la majani chai. Twapakia, twashona magunia, twafagia vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye kope. Chengo huendesha mtambo wa kuinulia makontena, na siku ambazo yadi haina kazi hukaa nyumbani. Mume wangu aweza kuinua kontena lenye magari mawili ndani yake akaliweka juu ya jingine bila kugusa rangi. Lakini karai la nguo lilimshinda uzito kwa miaka kumi na minne.

Damu ilianza kuzidi mwaka juzi, wakati wa maembe. Ilikuja kama hedhi ya kawaida, kisha ikakataa kwisha. Siku saba, siku kumi, halafu nikaacha kuhesabu. Kazini nilivaa pedi mbili na kipande cha leso, na ndani ya dera nikavaa suruali kuukuu ya Chengo, nikimwomba Mungu msimamizi asinitume mahali pa kuinama. Jioni nilirudi nikateka maji, nikapika, nikafua nguo za watu wanne na nguo zangu za siri ambazo nilizianika ndani, chini ya shuka, zikanuka unyevu. Sikumwambia mtu. Ndivyo tulivyolelewa, mambo ya chini ya leso hayasemwi. Kisha mwanamke akifa, wale wale waliomfundisha kunyamaza ndio wanaouliza mbona hakusema.

Mwili ukaanza kunigeuka. Viganja vikawa vyeupe kama vya mtu aliyeshinda kwenye maji ya sabuni. Kucha zikabonyea katikati. Nikaingiwa na uchu wa mchele mbichi, nautafuna mkavu kutoka kwenye ndoo, na Neema akanikuta siku moja akacheka akidhani ni mzaha. Nikipanda ngazi za daraja la kuvukia barabara kuu nausikia moyo wangu ukipiga ndani ya masikio. Mara mbili nilikaa chini katikati ya ngazi. Mara ya pili bwana mmoja alinitupia sarafu mapajani. Sikuwa na nguvu ya kumrudishia wala ya kumtukana.

Aliyenipeleka hospitali si mume wangu. Ni Bi Mwanatumu, jirani wa chumba cha pili, mjane wa Kidigo aliyehamia kwetu kutoka Likoni. Alinikamata ukumbini asubuhi, akanivuta kope ya chini kwa kidole gumba.

"Kadzo, wallahi huna damu. Mumeo yuko wapi?"

"Kazini, Bi Mwanatumu. Akirudi nitamwambia."

"Atakukuta umekuwa nini? Vaa viatu."

Wakati ule jua la kaskazi lilikuwa likiwaka. Kliniki ya akina mama ilikuwa mara moja kwa wiki, na benchi lilijaa kabla mlango haujafunguliwa. Nalijua benchi lile kuliko ninavyokijua kiti changu cha kanisani. Wanawake hukaa upandeupande, tako moja, kila mmoja akiogopa kuinuka mwenzake aone alipokaa. Mmoja akiinuka, wa nyuma humtazama haraka kisha humwambia, "uko sawa, dada." Hakuna aliyetuagiza tufanye hivyo. Ni katika zile shukrani nilizoahidi kuzitaja.

Daktari alisema nina uvimbe mwingi kwenye kizazi, na kwamba dawa pekee iliyobaki ni kukitoa. Kwanza niongezewe damu, nipate nguvu, halafu nipasuliwe. Nilitiwa chupa mbili. Nilipokuwa nikitoka, muuguzi alinipa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. "Hii ni ya kukubali upasuaji. Nenda nayo nyumbani, mzee aitie sahihi, ukija nayo tutakupangia siku." Nikaikunja nikaitia kwenye mfuko wa plastiki isilowe. Usiniulize kama niliisoma.

Sitajitia ushujaa. Nilikililia kizazi changu. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, sikutaka mtoto mwingine, na bado nilikililia. Nilitaka Chengo akae karibu nami kitandani aniambie neno lolote. Aliichukua ile karatasi, akaigeuza nyuma na mbele, akanirudishia.

"Hili si neno langu peke yangu, Kadzo. Lazima niwaambie nyumbani."

Nyumbani ni Kaloleni, kwa baba yake mkubwa, Mzee Mwaro, aliyemlea baada ya babake kufariki. Nilimsikia kwenye simu, maana Mzee Mwaro husema na simu kama mtu anayemwita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Mwanamke huyu tulimleta na kizazi chake. Kikitolewa, wakwe zetu wajue na sisi tukae. Kadzama itoke kwanza. Hata kisu cha daktari kina adabu yake."

Huenda wewe si wa kwetu, kwa hivyo nikueleze. Sisi Wagiriama neno zito haliguswi mpaka wazee wawekewe mnazi mbele yao, na mnazi huo wa kufungulia maneno ndio kadzama. Wazee wetu wameokoka siku hizi, kwa hiyo mnazi umegeuka kreti za soda. Wokovu ulibadilisha kinywaji ukakiacha kikao kama kilivyokuwa. Nami sikuwa na ugomvi na kadzama. Ndiyo iliyonioza, ndiyo iliyomaliza kesi ya mpaka wa shamba la marehemu baba. Sikujua tu kwamba siku moja tumbo langu nalo lingepimwa mipaka.

Kikao cha kwanza kiliahirishwa kwa sababu ya mvua ya mwaka, yaani masika, barabara ya kwa mzee haipitiki. Cha pili kikakutana na matanga. Cha tatu kikakwama kwa watu wangu mimi. Kaka yangu wa tumbo moja alisema hawezi kwenda kwa mwaliko wa simu, aitwe rasmi kama mkwe. Nikampigia mwenyewe. "Kaka, natoka damu." Akanijibu, "Najua, dada, lakini tusijishushe." Siku hiyo nilirusha simu ikapasuka kioo, na kioo hicho hakijatengenezwa hadi leo. Chupa nyingine mbili za damu nilitiwa mvua ikiwa bado inanyesha, Bi Mwanatumu ameketi kando yangu na juisi ya rosela kwenye chupa ya maji. Muuguzi aliuliza, "Fomu umeleta?" Nikasema mzee hajatia. Akaandika kitu kwenye faili.

Kikao kilikaa mwezi wa nane, upepo wa kusi ukivuma na mimi nimejifunga leso tatu kwa baridi. Wanaume kumi na mmoja walikaa uani kwa Mzee Mwaro na soda zao. Wanawake tulikaa jikoni. Mavyaa wangu, mama yake Chengo, alinitandikia gunia lililokunjwa mara nne kwa kuwa alijua, akaendelea kumenya muhogo. Ukuta wa jikoni ni wa udongo, kila neno lilipita.

Mmoja aliuliza kama kizazi chaweza kutolewa nusu. Mwingine alisema madaktari wa siku hizi hupenda kukata. Kaka yangu, ambaye sasa alikuwa ameitwa rasmi, alitaka ieleweke kwamba likitokea lolote upande wao hautadaiwa mahari irudi. Kisha Mzee Mwaro akakohoa. "Chengo hana mtoto wa kiume. Ajaribu mmoja kwanza. Akishapata, hicho kizazi na kitolewe, nani atakitaka tena?"

Walicheka. Si kicheko kibaya, hicho ndicho kinachoniuma. Walicheka kama watu waliokaa vizuri. Nami ninavuja kwenye gunia lao.

"Na wewe mwenye mke wasemaje?" mtu akamwuliza Chengo.

Nikangoja. Mavyaa naye kisu chake kikasimama.

"Nyinyi ndio wazee," akasema mume wangu.

Wakaamua neno lilale mpaka Desemba, watu wote wakija nyumbani, lizungumzwe vizuri. Tulirudi Chaani mimi na Chengo. Tulipofika nikapika sima, maana watoto walikuwa hawajala na hakuna aliyefikiri kwamba mtu mwingine angeweza kuisonga. Mimi mwenyewe sikufikiri. Weka hilo nalo kwenye hasira yangu.

Nilianguka kazini mwezi wa kumi, mvua za vuli zikianza. Naambiwa nilikuwa nimeshika sindano ya gunia, nikakaa chini polepole kama mtu aliyechoka, kisha nikalala. Wanawake wa zamu yangu walinibeba kwa gunia jipya, wakakodi tuktuk, na wawili wakaja nami. Hospitali ilipotaka watu wa kutoa damu walikuja sita, dera zao zimejaa vumbi la chai. Wazee kumi na mmoja walikuwa na maneno mengi juu ya damu yangu. Tone hawakutoa. Iliyo ndani yangu leo ni ya wanawake wa godauni, na mmoja wao hata jina lake la pili silijui.

Asubuhi yake daktari alikuja kitandani. Alikuwa msichana, mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alipekua faili langu mbele na nyuma.

"Mama, ulipangiwa upasuaji tangu mwezi wa tatu. Kwa nini hukuja?"

"Mzee hajatia sahihi."

"Mzee gani?"

Nikamwomba mwenzangu wa kazi anipe mkoba. Nikaitoa ile karatasi kwenye mfuko wake wa plastiki, safi, haina hata doa. Daktari akaisoma kisha akanigeuzia, akaweka kidole.

"Hapa paandikwa mgonjwa. Mgonjwa ni nani?"

"Mimi."

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na mmoja. Na huku chini?"

"Huku ni jina la jamaa wa kupigiwa simu. Hata jirani."

Ilikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo, lakini mimi nimemaliza darasa la nane. Neno lile ningeweza kulisoma. Miezi saba niliilinda karatasi ile na mvua, nikaipeleka Kaloleni na kuirudisha, na mstari ulioachwa wazi ulikuwa wangu. Nilimwuliza muuguzi aliyenipa mbona aliniambia mzee. Hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Ndivyo tunavyofanya siku zote, mama. Waume huja kutufanyia fujo." Kwa hiyo kwa kuogopa fujo ya mwanamume ambaye hata hajafika, mwanamke hurudishwa nyumbani akatoke damu kwa adabu. Nilitaka kupiga kelele wodi nzima isikie, sikuwa na pumzi. Wewe ukipewa karatasi, dada yangu, isome hapo hapo, mbele ya aliyekupa. Usipoelewa neno, uliza. Usiikunje.

Nikatia sahihi. Kwenye mstari wa jamaa niliandika jina la Bi Mwanatumu.

Walinipasua siku ya tatu. Nilipozinduka Chengo alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na kofia yake ya yadi mikononi.

"Hukuningoja," akasema.

"Nilikungoja tangu mwezi wa tatu."

Akakaa. Akashika shuka, hakunishika mimi. Wala sikutaka.

Niliambiwa nisiinue kitu kwa wiki sita, hata birika la chai. Kucheka kuliniuma, kukohoa nilikohoa nimekumbatia mto. Sasa hapo ndipo niliposhuhudia miujiza. Mavyaa hakuweza kuja kwa ajili ya magoti, na binti zetu walikuwa na mitihani, Neema akajaribu kushika karai nami nikamkataza. Nilimwambia Chengo, "Kazi ya nyumba hii hairithiwi na wanangu kwa sababu ni wasichana." Basi Chengo akafua. Akateka maji, akasonga sima, ya kwanza mbichi, ya pili ikaungua. Wiki ya pili alikaa kizingitini akiangalia vidole vilivyochubuka, akasema, "Kumbe kazi hii haiishi." Kumbe! Nilikuwa nikiifanya katika chumba hicho hicho, mbele ya macho hayo hayo.

Ploti nzima ikatoka kumtazama akianika. "Kadzo, una bahati, huyo si mume, ni malaika." Wageni walionijia na matunda walimpa pole yeye kabla yangu. Yadini wenzake walimwambia amekaliwa na mke, lakini kanisani alisimamishwa mbele ya watu na mchungaji, akapigiwa makofi kwa kumuuguza mkewe. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu na mto wangu tumboni. Miaka kumi na minne nimefua, hata kikohozi cha shukrani sikukisikia, na miezi kumi ya hiyo nilifua nikitoka damu. Wiki tatu za mwanamume zikapigiwa makofi. Sikupiga. Nawaambia wazi, na mchungaji akisoma haya asome.

Sisemi Chengo ni mtu mbaya. Ningekuwa na mume mbaya hasira yangu ingekuwa rahisi, ningeondoka ikaisha. Hajanipiga hata siku moja. Ni mtu mpole aliyeniacha nife kwa upole.

Wiki ya sita, jioni moja, wazee watatu walikuja Chaani, Mzee Mwaro mbele, mavyaa nyuma yao na magoti yake mabovu. Nilikuwa nimelala chumbani, pazia tu katikati. Niliwasikia wakiketi, nikamsikia Chengo akiwasha jiko na kumimina chai.

"Binti zako wako wapi hata ukashika birika?" Mzee Mwaro akauliza.

"Wanasoma, baba."

Mzee akasema lililowaleta. Neno lilikuwa limewekwa kwa wazee, likavunjwa. Mwanamke amepasuliwa bila idhini. Upande wa kina Kadzo utoe kadzama nyingine ya kuosha jambo hilo. "Nataka kujua ni nani aliyemruhusu."

Niliinuka. Ilinichukua muda, nikashika ukuta, nikafungua pazia.

"Shikamoo, baba. Nilijiruhusu mwenyewe."

Hakunijibu hata marahaba. Alimtazama Chengo. Wote walimtazama Chengo, hata mavyaa, na mimi nikamtazama, na nilijua kwamba akisema tena wao ndio wazee, nitawachukua wanangu usiku haujaingia. Nilikuwa nimekwisha kuona begi nitakalolitumia.

Chengo aliweka birika chini.

"Mimi sikumruhusu," akasema. "Aliponiletea karatasi niliwakimbilia nyinyi. Nilimwona akipungua nikawangoja. Kama angetusikiliza mimi na nyinyi, leo mngekuwa mmekuja hapa kwa matanga. Kadzama hamtaipata kwake wala kwao. Mkitaka, nitozeni mimi, mimi ndiye niliyekosa."

"Umefundishwa maneno na mkeo," akasema Mzee Mwaro.

"Ndiyo," Chengo akajibu. "Nimechelewa kufundishika."

Waliondoka bila kumaliza chai. Mavyaa alibaki nyuma hatua mbili, akaniwekea mkono tumboni, juu ya kidonda, kidogo sana, kisha akawafuata wanaume wake.

Nilirudi kitandani. Chengo alikuja akasimama mlangoni, jasho limemtoka kama aliyebeba magunia.

"Maneno yale ungeyasema mwezi wa nane," nikamwambia.

"Najua."

"Ningekufa, Chengo. Ulikuwa umeketi uani na soda."

"Najua, Kadzo. Utanisamehe?"

Nilimwambia ukweli, kwamba bado, na kwamba sijui ni lini. Akasema ni sawa, atangoja.

"Basi ngoja," nikamwambia. "Nawe ujue kungoja kulivyo."